Mwaka mzima na jarida la habari na nafasi za wakutubi wa shule

Shule nyingi zina walimu kadhaa wa hisabati na walimu kadhaa wa lugha, lakini mkutubi ni mmoja, na mara nyingi huyo mmoja ana vipindi vyake vya kufundisha pia. Akitatizwa na kitabu asichojua akipange kwenye historia au kwenye hadithi, hana mwenzake wa meza ya pili wa kumuuliza, na ufadhili wa mafunzo ukitangazwa huko nje hakuna wa kumpenyezea habari, kwa sababu matangazo yanayobandikwa katika chumba cha walimu ni ya walimu wa masomo. Ndiyo maana mwaka mmoja uliopita nililipia jarida la kila mwezi linalotumwa kwa barua pepe, ambalo hujieleza kuwa linakusanya habari za taaluma na nafasi za wakutubi wa shule kutoka pande zote za dunia. Nimepokea matoleo 12, nimeyasoma yote, nimetuma maombi kwa kuyafuata, na sasa nina la kusema. Jina lake silitaji, kwa kuwa kasoro nilizoziona nimeshawaandikia wahariri wenyewe, na kwa vyovyote vile nimeziona pia katika huduma nyingine za aina hii.

Kila toleo lina sehemu nne: habari za taaluma, mafunzo na makongamano, ruzuku na tuzo, na nafasi za kazi. Lipo toleo la bure na lipo la kulipia, na anayetaka kujisajili aelewe mapema kwamba yaliyomo ni yale yale. Kinachouzwa ni wakati. Msomaji wa bure hupokea toleo lake majuma mawili baada ya aliyelipa. Kwa habari za taaluma ucheleweshaji huo haumdhuru mtu yeyote, lakini kwa ruzuku yenye siku 20 za kupokea maombi, majuma mawili ni sehemu kubwa ya muda uliopo, na anayesoma bure hubaki akisoma matangazo ya milango inayofungwa.

Nianze na habari za taaluma, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Katika toleo la pili wahariri walieleza kwa utulivu nyaraka ambazo kila mkutubi wa shule husikia zikitajwa lakini si wengi waliowahi kuzisoma. Walieleza kwamba ilani ya maktaba za shule ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, na UNESCO ni ya mwaka 1999, kwamba IFLA iliihuisha mwaka 2021, na kwamba miongozo inayofafanua namna ya kuitekeleza ilitoka mwaka 2002 na kuandikwa upya mwaka 2015. Hawakuishia kwenye tarehe. Walionyesha ni kipengele kipi kinazungumzia fedha, wakaweka kiungo kinachompeleka msomaji moja kwa moja kwenye matini asilia, si kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti anakoachwa ajitafutie mwenyewe. Katika matini ya 1999 kipengele hicho kinasema wazi kwamba maktaba ya shule inapaswa kuwa na fedha za kutosha na za kudumu kwa ajili ya watumishi waliofunzwa, vitabu, teknolojia na majengo, na kwamba huduma yake inapaswa kuwa bila malipo.

Nilichapisha ukurasa huo, nikapiga mstari chini ya neno linalohusu fedha za kudumu, nikaupeleka kwa mkuu wa shule wakati bajeti ikiandaliwa. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Hii ni sheria, mwalimu, au ni maoni?" Nilimjibu kwamba si sheria, bali ni msimamo wa wakutubi wa dunia uliopitishwa na UNESCO. Mwaka huo hakuongeza fedha, lakini maktaba ilitolewa kwenye fungu la vifaa vya ofisi, ilikokuwa imekaa pamoja na karatasi na wino wa mashine, ikapewa mstari wake yenyewe. Mkutubi yeyote aliyewahi kugombania fungu atajua kwamba mstari wa bajeti, hata ukiwa na fedha kidogo, ni rahisi kuujazia kuliko kuuanzisha. Kwa jambo hilo moja ada ya mwaka ilikuwa imerudi.

Muhtasari wa tafiti, ulio katika sehemu hiyo hiyo, haukuniridhisha vivyo hivyo. Wahariri walirejea utafiti maarufu wa Keith Curry Lance na wenzake uliofanyika Colorado, Marekani, na kutolewa mwaka 1993, wakaandika kwamba "umethibitisha" kuwa maktaba nzuri hupandisha alama za wanafunzi. Utafiti ule ulionyesha kwamba shule zenye maktaba zilizojaliwa watumishi na vitabu zilikuwa pia na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika mitihani, na kwamba uhusiano huo ulibaki hata hali ya kiuchumi ya jamii ilipozingatiwa. Hilo ni jambo zito na linatosha kusemwa lilivyo. Uhusiano, hata ukiwa imara, si sawa na kuthibitisha kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile, na mkutubi atakayeingia kwenye kikao cha bodi na neno "umethibitisha" anaweza kukutana na mjumbe mmoja anayejua takwimu, akaondoka bila hoja wala heshima. Jarida linaloandikiwa watu ambao kazi yao ni kuwafundisha watoto kupima chanzo cha habari lingepaswa kuwa la kwanza kuchunga neno kama hilo.

Kuhusu akili mnemba sina mengi, ila kwamba katika nusu ya pili ya mwaka karibu kila toleo liliifungulia ukurasa, na kurasa hizo zilifanana mno. Isipokuwa moja, iliyoeleza jinsi programu za mazungumzo zinavyoweza kutunga marejeleo ya vitabu na makala ambayo hayapo, yakiwa na mwandishi, mwaka na mchapishaji, na kupendekeza kwamba mkutubi aligeuze tatizo hilo kuwa somo. Nilifanya hivyo. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameniletea orodha ya vitabu 6 anavyovitaka kwa insha yake, nikakaa naye mbele ya katalogi, tukavitafuta kimoja kimoja. Viwili havikuwapo kwetu wala katika katalogi nyingine yoyote tuliyoifungua, ingawa mmoja wa waandishi waliotajwa ni mtu wa kweli mwenye vitabu vingine. Kijana alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuivuta orodha ya rafiki yake aliyekuwa ameketi jirani ili aichunguze nayo.

Jambo lililofanywa vizuri kwa wakati wake lilikuwa tangazo la Oktoba. Jumuiya ya kimataifa ya wakutubi wa shule, IASL, iliyoanzishwa mwaka 1971, ndiyo iliyoasisi siku ya kimataifa ya maktaba za shule mwaka 1999, na tangu mwaka 2008 siku hiyo imekuwa mwezi mzima wa Oktoba. Miongoni mwa shughuli za mwezi huo kuna mpango wa shule kubadilishana vialamisho vya vitabu vilivyotengenezwa na wanafunzi wenyewe: shule hujiandikisha, hupangiwa shule nyingine ya umri unaolingana, na bahasha husafiri. Huduma nyingine niliyokuwa nikiifuata zamani ilikuwa ikilitangaza jambo hili Oktoba yenyewe, wakati ambapo waliokwisha kujiandikisha wanatuma bahasha. Jarida hili lililitangaza mapema kiasi cha kutosha mwalimu wa sanaa kuliingiza katika vipindi vyake, likaeleza na jambo dogo ambalo asiyewahi kulifanya hawezi kulifikiria, kwamba kialamisho kikitengenezwa kwa karatasi nene iliyobandikwa vitu juu yake, uzito wa bahasha huongezeka na gharama ya posta huongezeka nao. Wanafunzi wangu walikwisha kubandika vifungo vya mashati, ilibidi tuvibandue.

Sasa nifike kwenye ruzuku, ambayo ndiyo sababu ya wengi kujisajili na ndiyo sehemu niliyoumia nayo.

Katika toleo la tano kulikuwa na tangazo la ruzuku ya kumwezesha mkutubi kuhudhuria kongamano la taaluma, nauli na malazi vikiwa vimelipiwa. Lilikuwa na mistari mitatu: jina la ruzuku, sentensi isemayo kwamba iko wazi kwa wakutubi wote wa shule, na tarehe ya mwisho. Nilitumia majuma mawili kuandaa maombi. Nilipata barua mbili za wadhamini, moja kutoka kwa mwalimu aliyekuwa likizo ambaye ilibidi niende kumfuata kwake, nikaandika wasifu upya, nikaandika maelezo ya kurasa mbili kuhusu klabu yetu ya usomaji. Siku ya mwisho, baada ya chakula cha usiku, saa 2, nilifungua fomu ili niitume. Ilikuwa imefungwa. Waandaaji walikuwa upande wa mashariki zaidi wa dunia, saa zao zikitangulia zangu kwa saa saba, na fomu yao ilifungwa usiku wa manane kwao, ambao kwangu ulikuwa saa 11 jioni. Ukurasa wa waandaaji ulikuwa umeandika saa na majira kwa herufi zinazosomeka vizuri. Jarida lilikuwa limenakili tarehe peke yake.

Nakiri kosa langu, kwa kuwa nilipaswa kuusoma ukurasa asilia hadi mwisho, tena mapema. Lakini nilipousoma usiku ule, nikiwa na hasira, niligundua kwamba hata ningetuma asubuhi yake nisingepata kitu, kwa sababu ruzuku ilikuwa ya wanachama waliotimiza mwaka mmoja katika chama husika, nami sikuwa mwanachama. Yale maneno "wakutubi wote wa shule" yalikuwa ya jarida, si ya waandaaji.

Tangu siku hiyo kila tangazo nalipima kwa mambo manne kabla sijafungua hata ukurasa wa pili: nani anaruhusiwa kuomba na kwa sharti gani la uanachama, fomu inafungwa saa ngapi na kwa majira ya wapi, nini hasa kinalipiwa, maana kuna ufadhili unaojiita kamili ilhali viza na bima vinabaki mfukoni mwa msafiri, na fedha hutolewa kabla ya safari au hurudishwa baada ya risiti. Hilo la mwisho ndilo linalowakata wengi. Ruzuku inayorejesha gharama baada ya safari ni ya mtu mwenye akiba, na mkutubi asiye na akiba heri ajulishwe tangu mwanzo kuliko kuomba barua kwa wadhamini wawili bure. Nilichukua matoleo yote 12 nikayapitia kwa mizani hiyo. Matangazo yaliyojibu mambo yote manne nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na toleo moja lililojisifu kichwani kwamba lina "nafasi nyingi kuliko wakati wowote" halikuwa na hata moja. Ningelipa ada ile ile, tena kwa furaha, kwa toleo lenye matangazo manne yaliyochunguzwa.

Makongamano yalichujwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Yeyote aliyewahi kuweka anwani yake ya barua pepe mahali pa wazi anazifahamu zile barua zinazomwita "mtafiti mashuhuri" na kumwalika atoe mada katika kongamano la fani zote kwa pamoja, au achapishe makala ndani ya siku tano kwa ada. Katika mwaka mzima sikuona kongamano la aina hiyo jaridani. Niliona lakini tangazo moja la jarida la kitaaluma lililojivunia kuwa na ISSN kana kwamba ni cheti cha ubora. ISSN ni namba ya tarakimu 8 ya kutambulisha chapisho linalotoka kwa mfululizo, na gazeti la udaku linaweza kuwa nayo kama jarida la chuo kikuu; haimwambii msomaji lolote kuhusu waliopitia makala. Anayetaka kupima jarida la wazi, yaani la kitaaluma linalosomwa bure mtandaoni, angeelekezwa kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, ambayo huwa na vigezo vya kuliingiza jarida na huliondoa lisipovitimiza. Semina za mtandaoni zilitangazwa kwa wingi na nyingi zilikuwa za manufaa, hasa zile zinazorekodiwa, kwa kuwa semina inayopigwa saa za masomo ni sawa na isiyokuwapo kwa mtu anayeangalia maktaba peke yake.

Sehemu ya nafasi za kazi naiona ni ya kujazia kurasa. Matangazo mengi yanatoka Marekani na Uingereza, yamenakiliwa yalivyo, bila maelezo ambayo mtu wa nje anayahitaji kuliko anavyouhitaji mshahara. Kwa mfano, Marekani sifa za mkutubi wa shule hupangwa na kila jimbo, na majimbo mengi humtaka awe na leseni ya ualimu pamoja na mafunzo ya ukutubi. Kwa hiyo tangazo lisilotaja sharti la jimbo humpotezea muda mwombaji aliyesomea ukutubi tupu, na vilevile mwalimu aliyejifunzia maktaba kazini. Sijamsikia hata mmoja aliyepata kazi kupitia kurasa hizo, ingawa huenda yupo.

Niseme pia kuhusu umbo la jarida lenyewe, maana hapa nilishangaa kuliko nilivyokasirika. Kila toleo ni barua pepe ndefu yenye picha kubwa zinazochelewa kufunguka kwenye simu, jambo linalovumilika. Lisilovumilika ni kwamba matoleo ya nyuma yamewekwa kwenye ukurasa mmoja, yakiwa yamepangwa kwa namba za matoleo tu, bila fahirisi, bila vichwa vya mada, bila sehemu ya kutafutia. Nilipotaka kuirudia ile makala ya nyaraka za IFLA ilibidi nifungue toleo moja baada ya jingine hadi nikaipata. Jarida la wakutubi, linalohaririwa na wakutubi, linalosomwa na watu wanaokemea watoto kwa kurudisha kitabu kwenye rafu isiyo yake, halina katalogi. Nililieleza jambo hili kwa mwenzangu wa shule nyingine, naye akaniambia kwamba ametengeneza fahirisi yake mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono, na kwamba yuko tayari kuniazima.

Je, yote haya hayapatikani bure penginepo? Sehemu kubwa inapatikana. IASL na kitengo cha maktaba za shule cha IFLA hutoa habari zao wenyewe. Marekani kuna AASL, jumuiya ya wakutubi wa shule ambayo ni idara ya chama cha maktaba cha nchi hiyo tangu mwaka 1951, na Uingereza kuna chama cha maktaba za shule kilichoanzishwa mwaka 1937. Mtu mwenye nidhamu ya kuvipitia vyanzo hivyo kila mwezi, na mwenye chama hai katika nchi yake, hana haja ya kulipia jarida hili. Mimi sina nidhamu hiyo. Kengele ya mapumziko ikilia nina foleni ya wanafunzi mlangoni, na jioni nina vitabu vilivyochanika mgongo vinavyosubiri gundi. Kwangu, kukusanyiwa ni huduma yenye thamani, ilimradi mkusanyaji asome anachokikusanya.

Nimelipia tena, lakini kwa miezi sita badala ya mwaka, na siku nilipolipa niliwaandikia wahariri barua yenye yale mambo manne, nikiwaambia pia habari ya saa 11 jioni. Walinijibu baada ya siku tatu, kwa adabu, bila visingizio. Toleo la juzi lina matangazo saba ya ruzuku. Matano yameandikwa saa ya kufungwa na majira yake, na moja kati ya hayo lina mstari mpya usemao kwamba gharama hurejeshwa baada ya safari. Mawili yaliyobaki yanasema tarehe ya mwisho ni "hivi karibuni".